Safari ya kwanza ya meli na watoto watatu na bibi yao

Swali: "Assalaam aleikum. Mimi na mume wangu ni watu wa Mombasa, tunaishi Houston na sote wawili tuna kadi ya ukaazi wa kudumu. Tuna watoto watatu: Rayyan ana miaka 9, dada yake ana miaka 5 na mdogo ana miezi 18. Wote wamezaliwa huku. Mavyaa wangu amekuja kututembelea, atakuwa nasi mpaka Julai. Mume wangu anataka atupeleke sote kwenye meli ya kitalii inayotoka bandari ya Galveston, hapa Texas, usiku 7, kwenda Mexico na Honduras. Hatujawahi kupanda meli kama hizo. Mavyaa anasema tangu mkasa wa feri ya Mtongwe hataki kusikia habari ya chombo kilichojaa watu. Mimi naogopa watoto wasije wakaanguka baharini, na sijui huko tutakula nini. Je, twende au tungoje wakue?" Mama Rayyan.

Waaleikum salaam, Mama Rayyan. Nendeni, msingoje. Lakini nawaomba mbadilishe mambo mawili kabla mume wako hajatoa arubuni. Kwanza, iacheni ile ya usiku 7, mchukue ya usiku 5. Pili, leo hii, kabla hamjaanza kutazama picha za mabwawa na mabembea, ichukue pasipoti ya mavyaa wako uifungue penye visa.

Naanza na visa kwa sababu hapo ndipo familia zetu huumia, na huumia siku ambayo hakuna tena la kufanya. Meli ikishatoka Galveston ikafika Mexico, mavyaa wako amekwisha kutoka Marekani. Akirudi ataingia upya mbele ya afisa wa uhamiaji pale bandarini, kama alivyoingia uwanja wa ndege siku ya kwanza. Kwenye visa yake pana sehemu ya idadi ya kuingia. Pakiwa na herufi M, anaweza kuingia mara nyingi maadamu tarehe ya visa haijapita. Pakiwa na tarakimu 1, hiyo moja alishaitumia alipokuja kwenu. Ipo kanuni ya kumpokea mgeni aliyekwenda Mexico au Canada kwa siku zisizozidi 30 hata kama visa yake imekwisha muda, mradi kibali chake cha kukaa bado kina siku, lakini kanuni hiyo haimsaidii mgeni wa matembezi aliyefika Honduras. Nami simshauri mtu ampandishe mzazi wake melini kwa kuitegemea. Kama visa si ya M, bibi asipande. Fanyeni naye matembezi mengine ya ndani ya Marekani.

Ikiwa ni ya M, Mexico haina tatizo kwake. Nchi hiyo haimdai visa yake mtu mwenye visa hai ya Marekani, wala haiwadai nyinyi wenye kadi ya ukaazi. Ninyi wawili mbebe pasipoti za Kenya pamoja na kadi zenyewe, si nakala wala picha kwenye simu. Honduras ina masharti yake, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuchagua safari fupi: ile ya usiku 5 kwa kawaida husimama Cozumel na Progreso, zote ziko Mexico, basi mna nchi moja tu ya kuiulizia.

Watoto ni raia wa Marekani. Kwa safari inayoanzia na kuishia bandari ileile ya Marekani, sheria inamruhusu mtoto raia wa chini ya miaka 16 kusafiri kwa cheti cha kuzaliwa peke yake. Watu wengi huishia hapo wakifurahi kuokoa ada ya pasipoti. Mimi nasema wakatieni pasipoti. Mtoto akiugua Cozumel ikabidi mrudi Houston kwa ndege, cheti cha kuzaliwa hakimpandishi ndege, na hapo mtakuwa mnahangaika na ubalozi mkiwa na mgonjwa mkononi. Hata mkiwa na pasipoti, vyeti vya kuzaliwa vibebeni pia, kwa sababu ya majina. Wewe unatumia jina la baba yako, watoto wanatumia la baba yao, na bibi ana la kwake. Afisa asiyezijua desturi zetu huona watu wa familia moja wenye majina yasiyolingana. Cheti chenye jina lako kama mama humaliza maswali. Na ikitokea mume wako akakosa likizo mkaenda bila yeye, chukua barua yake ya ridhaa iliyothibitishwa na wakili wa viapo.

Sasa nije kwa mavyaa, maana hofu yake ina haki yake. Aprili 29, 1994 watu 272 walikufa maji pale Mtongwe, na hakuna nyumba ya Mombasa ya umri wake isiyomjua mtu aliyepotea siku ile. Usimwambie kwamba meli hizi ni kubwa kwa hiyo hazizami. Atakujibu kwamba Titanic nayo ilikuwa kubwa, na atakuwa amesema kweli. Mweleze yale yanayotofautisha. Feri ile ilipakia watu kupita kiasi chake, na hapakuwa na mpango wa kuwaokoa ilipopinduka. Kwenye meli ya kitalii kila mtu hupewa kadi yenye picha yake kwenye mtambo. Kadi husomwa akiingia na husomwa akitoka, na nahodha anajua idadi ya roho zilizomo kabla kamba hazijafunguliwa. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, uliotungwa mara ya kwanza mwaka 1914 baada ya ajali ya Titanic, unataka mashua na boti za kujazwa hewa za kuokolea ziwatoshe watu wote waliomo, na juu ya hapo iwepo ziada ya asilimia 25.

Kisha mwambie kwamba kuna zoezi la dharura ambalo kila abiria lazima alifanye. Januari 2012 Costa Concordia iligonga mwamba kwenye kisiwa cha Giglio, Italia, wakafa watu 32, na mamia ya abiria waliopanda jioni ile walikuwa hawajafanyishwa zoezi bado. Kanuni ikabadilishwa: sasa zoezi hufanywa kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Kampuni nyingi siku hizi hukuruhusu uangalie maelezo kwenye simu kisha upite mahali pako pa kukusanyikia, msimamizi akuwekee alama. Watu huenda mbiombio na kurudi kwenye chakula. Ninyi nendeni nyote sita, bila haraka. Mwonyesheni bibi mashua yenu kwa macho. Mwulizeni mhudumu jaketi la kuokolea la mtoto wa miezi 18 liko wapi na linafungwaje, maana lile la mkubwa halimfai. Watoto hupewa bangili yenye namba ya mahali pa kukusanyikia ili, king'ora kikilia wakiwa kwenye chumba cha michezo, mhudumu yeyote ajue pa kuwapeleka. Bangili hiyo isivuliwe mpaka mshuke. Nimewaona wazee waliopanda wakisoma dua kwa kutetemeka wakalala vizuri usiku uleule, kwa sababu tu mtu alichukua dakika 20 kuwatembeza na kuwaonyesha.

Hofu yako ya watoto kuanguka baharini naielewa, lakini mtoto haanguki kutoka melini kwa kutembea. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 inataka reli za meli zinazopakia au kushusha abiria kwenye bandari zake ziwe na urefu usiopungua inchi 42, kama sentimita 107, ambazo zinampita binti yako wa miaka 5 kifuani au zaidi. Hatari huja mtoto anapopanda kitu: kiti, meza, au mikono ya mtu mzima anayetaka picha nzuri. Kwa hiyo mna kanuni moja isiyo na mjadala. Hakuna mtoto anayepandishwa kwenye reli wala dirisha, na mtu yeyote, hata babu wa jirani mpole kiasi gani, asimnyanyue kumwonyesha pomboo.

Kinachonitia hofu mimi ni bwawa. Tafadhali yasome haya mara mbili. Meli nyingi hazina mwokozi anayesimama bwawani. Kampuni za Royal Caribbean na Disney huwaweka. Baadhi ya kampuni nyingine hukubandikia ilani kwamba unaogelea kwa dhima yako. Mabwawa ya meli ni madogo, yamejaa watu, muziki unapigwa juu, na bahari ikichafuka kidogo maji yanasukumwa upande mmoja hadi mwingine. Mtoto anayezama hapigi kelele. Anazama kimya, katikati ya watu, huku mama yake yuko kiti cha tatu anaangalia simu. Basi panga zamu kwa jina: saa hii ni ya baba, saa ijayo ni yako. Mwenye zamu haketi, hashiki simu, hapigi soga, na yuko umbali wa mkono kutoka kwa binti wa miaka 5. Bibi asipewe zamu ya bwawa hata akijitolea, kwa sababu magoti yake hayatamruhusu kuruka. Rayyan, kama hajui kuogelea barabara, mna wiki kadhaa za kumwandikisha masomo kabla ya safari. Jaketi za kuogelea za watoto mara nyingi hutolewa bure pembeni mwa bwawa, lakini bebeni zenu zinazowatosha.

Yule mdogo, kwa kuwa bado anavaa nepi, haruhusiwi kabisa kuingia bwawani, hata akivaa nepi ya kuogelea. Ni masharti ya afya, na hupaswi kuyazunguka. Baadhi ya meli zina sehemu ya vichirizi vya maji iliyotengwa kwa wenye nepi. Uliza kabla ya kulipa, kwa jina la meli yenyewe na si jina la kampuni tu, kwa sababu meli mbili za kampuni moja hutofautiana. Kwa mtoto wa miezi 18 aliyezoea maji, hiyo sehemu inaweza kuwa ndiyo safari nzima.

Kuhusu vyumba. Kabini ya kawaida hulaza watu 2 hadi 4, na mtoto mchanga huhesabiwa kichwa kizima hata kama analala kifuani pako, kwa kuwa nafasi ya mashua huhesabiwa kwa vichwa. Ninyi ni 6, kwa hiyo mtahitaji kabini mbili. Ombeni zenye mlango wa kati, na muombe mapema kwa maana huwa chache. Wewe, mume wako na wadogo wawili upande mmoja. Bibi na Rayyan upande wa pili. Bibi anapata faragha ya kuswali na kupumzika, na Rayyan anapata mtu wa kumwamsha. Chukueni za katikati ya meli na deki za chini. Hapo mtikisiko ni mdogo kuliko mbele au juu. Roshani ni nzuri lakini kwa umri wa watoto wako ningeokoa hizo fedha. Kabini ya ndani isiyo na dirisha huwa giza totoro, na mtoto mdogo hulala humo mchana kama usiku. Mkiamua kuchukua roshani, viti vya nje viingizeni ndani siku ya kwanza na mjaribu kitasa cha juu cha mlango.

Kitanda cha mtoto hutolewa bure lakini sharti kiagizwe. Kigari chukueni chembamba cha kukunja, kwa sababu milango ya kabini ni myembamba na vigari haviruhusiwi kuachwa kwenye ujia wa nje. Maziwa ya kopo na nepi za safari nzima mbebe kutoka nyumbani. Duka la melini huuza vichache, kwa bei ya kukuumiza.

Watu husema meli ni raha kwa wazazi kwa sababu kuna kilabu cha watoto. Ni kweli kwa kiasi, na kwa watoto wako kiasi chenyewe si sawa. Binti wa miaka 5 anapokelewa bila shida akiwa anajiendea chooni mwenyewe. Rayyan atawekwa na wenzake wa rika lake, na hao mara nyingi ndio hawataki kurudi kula. Mdogo kwa kampuni nyingi hapokewi mpaka atimize miaka 2 au 3. Meli chache zina chumba cha kulelea wachanga cha kulipia kwa saa. Utaulizwa fomu inayosema kama Rayyan anaweza kujitoa mwenyewe kilabuni. Jibu hapana. Ana akili timamu, sina shaka, lakini meli ina deki zaidi ya kumi, lifti zinazofanana na maelfu ya watu wasiomjua. Na pale siku ya kwanza nendeni na watoto kwenye kilabu mapema, siku yenyewe ya kupanda, wakati walezi wana nafasi ya kuzungumza. Mtoto akiingia mara ya kwanza siku ya pili wenzake wameshapata marafiki, hulia na kugoma.

Chakula kina hadithi ndefu kidogo. Chukulia kwamba nyama na kuku wa melini si halali isipokuwa umeambiwa vinginevyo kwa maandishi. Baadhi ya kampuni huandaa vyakula halali ukiwaarifu wiki kadhaa kabla, basi mwandike barua pepe kwa idara ya mahitaji maalumu mara tu mkishalipa, na mbebe nakala ya jibu lao. Bila hayo, samaki, mayai, mboga, wali na matunda havikosekani, na wapishi wengi ni Wahindi wanaojua kupika dengu ikaliwa. Vinavyoponyoka macho ni vile vidogo: maharagwe yaliyopikwa kwa mafuta ya nguruwe, mchuzi uliotiwa mvinyo, peremende laini na vitamutamu vyenye jelatini. Kilicho bora ni kula chakula cha jioni kwenye ukumbi wa kulia, meza ileile, badala ya bufee kila siku. Usiku wa kwanza mwite kiongozi wa wahudumu umweleze. Atakuletea menyu ya kesho usiku wa leo, mchague, na jikoni watawaandalia kando. Miongoni mwa wahudumu wamo Waindonesia wengi, na wengi wao ni Waislamu. Ukimpata mmoja atakwambia pasipo kuficha nini kina nini.

Najua kinachofuata akilini mwa mavyaa wako: mahamri na viazi karai kwenye mkoba. Mwambie kwa upole asiandae. Kampuni nyingi hukataa chakula kilichopikwa nyumbani, nacho kitatupwa mlangoni mbele yake, jambo litakalomvunja moyo kabla ya safari kuanza. Biskuti na tende zilizofungwa kiwandani kwa kawaida hupita. Birika la umeme na pasi navyo viacheni nyumbani.

Kwa swala, usitegemee dira ya simu ndani ya kabini. Chuma cha meli huivuruga. Televisheni ya chumbani huwa na idhaa inayoonyesha ramani na uelekeo wa meli. Kutoka Ghuba ya Mexico kibla ni upande wa kaskazini mashariki, basi mtazame meli inaelekea wapi na mgeuke kwa kadiri hiyo. Mavazi ya kuogelea ya kujistiri yaliyoshonwa kwa kitambaa cha kuogelea hayakupi tabu.

Bahari yenyewe. Safari ya usiku 5 kwa kawaida huenda hivi: mnaondoka Galveston jioni, siku nzima baharini, siku moja Cozumel, siku moja Progreso, siku nzima tena baharini, kisha nyumbani. Siku mbili za bahari tupu zinatosha kabisa kupima familia mpya. Kichefuchefu huwapata wachache, na mara nyingi siku ya kwanza. Muulize daktari wa watoto kabla ya safari dawa na kipimo kwa kila mtoto, kwa jina na kilo zake. Kile kibandiko cha nyuma ya sikio ni cha watu wazima, asibandikwe mtoto. Mkate mkavu, tangawizi, hewa ya nje na kutazama upeo wa bahari husaidia kweli.

Kinachosumbua zaidi ya mawimbi ni kuharisha na kutapika kwa kirusi cha noro, ambacho huenea upesi palipo na watu wengi. Zile chupa za jeli mlangoni mwa bufee hazikiui sawasawa. Maji na sabuni ndiyo dawa, kwa sekunde 20, kabla ya kila mlo na kila wakitoka kilabuni. Kliniki ya meli ipo na ina daktari, lakini hulipisha papo hapo, na bima yenu ya afya ya Texas huenda isilipe. Nunueni bima ya safari inayofunika matibabu na kuondolewa melini kwa dharura. Kwa bibi angalia zaidi: bima nyingi za wageni hufunika Marekani pekee. Dawa zake za presha au sukari zikae kwenye mkoba wa mkononi, kwenye vifungashio vyake vyenye jina.

Cozumel msijaribu kuona mengi. Chukueni teksi, ambazo zina bei maalumu kwa kila eneo, mwende pwani moja yenye kivuli na maji tulivu upande wa magharibi wa kisiwa; mashariki mawimbi ni makali, si mahali pa watoto. Teksi hazina viti vya watoto, kwa hiyo safari iwe fupi au mbebe chenu. Progreso gati lake limeingia baharini kilomita kadhaa, mtapelekwa mjini kwa basi la bure, na hapo ufuo uko karibu. Magofu ya Chichén Itzá ni ya ajabu, lakini ni saa kama mbili kwenda na saa mbili kurudi kwenye basi. Kwa mtoto wa miezi 18 na bibi, hapana. Mtaiona mara nyingine.

Jambo moja la saa limewaacha watu gatini wakiitazama meli yao ikienda. Jimbo la Quintana Roo, lenye Cozumel, linafuata saa ya mashariki mwaka mzima tangu 2015. Yucatán, lenye Progreso, halifuati. Mexico sehemu kubwa iliacha kubadilisha saa mwaka 2022, Texas bado inabadilisha. Matokeo yake, wakati wa kiangazi saa ya Cozumel ni sawa na ya Houston, na ya Progreso iko nyuma kwa saa moja. Wakati wa baridi Progreso ni sawa na Houston, na Cozumel iko mbele. Simu hujibadilisha bila kukuuliza. Vaeni saa ya mkononi iliyowekwa saa ya meli, na mrudi saa moja kabla ya muda uliotangazwa. Ukinunua matembezi kwa kampuni ya meli yakachelewa, meli hungoja. Ukijiendea mwenyewe, haingoji.

Fedha nitazigusa kidogo. Mtu wa tatu na wa nne chumbani huwa na nauli ndogo, na pengine hutangaziwa bure, lakini kodi na ada za bandari hulipwa kwa kila kichwa. Bakshishi huongezwa kila siku kwa kila mtu, watoto pamoja, kati ya dola 16 na 20. Kwa watu 6 na usiku 5 hiyo ni dola 480 hadi 600, fedha ambazo hazimo kwenye bei ya tangazo. Kampuni nyingine humsamehe aliye chini ya miaka 2, ulizeni. Msiombe iondolewe: ni sehemu ya riziki ya wale wanaowatandikia vitanda. Intaneti na soda ni za ziada, na mnaweza kuishi bila hizo.

Mwende lini? Majira ya vimbunga vya Atlantiki huanza Juni 1 hadi Novemba 30, na ukali wake ni Agosti hadi Oktoba. Januari hadi Machi ukungu hufunga mlango wa bandari ya Galveston na meli huchelewa kuingia, tena pepo za kaskazini huichafua ghuba. Kwa kuwa mavyaa yuko nanyi mpaka Julai, ningelenga wiki ya kwanza baada ya shule kufungwa, mwanzoni mwa Juni. Ikitokea dhoruba, nahodha atabadilisha njia na huenda mkakosa bandari moja. Hilo limo kwenye mkataba mtakaotia saini, basi waambieni watoto mapema kwamba wanakwenda melini, msiwaahidi Cozumel.

Siku ya kupanda, masanduku mtayatoa gatini na huenda yasifike chumbani mpaka jioni. Mkoba wa mkononi uwe na nyaraka zote, dawa, nepi, maziwa, nguo za kuogelea na kanga mbili. Vivyo hivyo usiku wa mwisho: masanduku huwekwa nje ya mlango kabla ya kulala, na kila safari kuna familia inayoamka asubuhi haina viatu vya mtoto. Toa nguo za watu sita za kesho yake, viatu pamoja, uzilaze kwenye kochi kabla hujafunga zipu ya sanduku la mwisho.